Nimefanya SAT mara tatu: maofisa udahili watanionaje?

SWALI

Shikamoo Mwalimu,

Mimi ni kijana wa miaka kumi na tisa, ninaishi Morogoro, na mwezi Mei mwaka huu nilimaliza kidato cha sita katika shule ya bweni ya serikali nikiwa tahasusi ya PCM. Matokeo yalipotoka nilipata divisheni ya kwanza, pointi nne. Ninataka kusomea uhandisi Marekani, na kwa kuwa baba ni fundi cherehani na mama anauza mboga, sina namna nyingine isipokuwa kupata chuo kitakachonigharamia karibu kila kitu.

Kinachonitatiza ni SAT, mtihani ambao vyuo vya Marekani huutumia katika kudahili. Nimeufanya mara tatu. Machi nilipata 560 katika Kusoma na Kuandika na 620 katika Hisabati, jumla 1180. Juni nilipata 600 na 690, jumla 1290. Agosti, baada ya kujifunza sana hisabati na kuacha Kiingereza kidogo, nilipata 580 na 740, jumla 1320. Ada zote zimechangwa na ndugu, na kila mara nimelazimika kupanda basi kwenda Dar es Salaam siku moja kabla na kulala kwa shangazi Mbagala.

Sasa nimepata washauri watatu na kila mmoja ana lake. Baba mdogo anayeishi Houston amenipigia simu akaniambia nisithubutu kuufanya tena, kwa sababu maofisa udahili wakiona tarehe tatu au nne wataniona mtu wa kubahatisha, na kwamba kushuka kwangu kutoka 600 hadi 580 kutaonyesha kuwa Kiingereza changu kinarudi nyuma. Rafiki niliyemaliza naye ananishauri niseme nimefanya mara moja tu, ile ya Agosti, kwa kuwa hakuna atakayejua. Kaka mmoja wa kanisani yeye anasema nisitume alama kabisa, maana siku hizi vyuo vya Marekani havihitaji SAT.

Vyuo kadhaa ninavyovitaka vinafunga maombi ya awali tarehe 1 Novemba na vingine mwanzoni mwa Januari. Naomba unisaidie, Mwalimu: hao maofisa wataona nini hasa, na je, nirudie tena Oktoba au niache?

Mtahiniwa, Morogoro


JIBU

Marahaba mwanangu, na hongera kwa pointi nne, kwa sababu naona umezitaja kwa haraka kana kwamba si kitu, ilhali ndizo zitakazosomwa kabla ya SAT.

Kufanya SAT mara tatu si doa, na hofu uliyo nayo umeitoa kwetu, hukuitoa Marekani. Sisi tumelelewa na mtihani wa taifa unaofanywa mara moja, na anayeurudia huurudia kama mtahiniwa wa kujitegemea, mtaa mzima ukijua kuwa fulani anarisiti. Hadi Januari 2023, Baraza la Mitihani lilipoacha kutangaza shule na watahiniwa kumi bora, matokeo yalikuwa pia ni jambo la kusomwa redioni. Mtu aliyekulia katika utaratibu huo hawezi kuona tarehe tatu za mtihani mmoja bila kushtuka. SAT haikujengwa hivyo. Hutolewa mara kadhaa kila mwaka, na wanafunzi wa Marekani kwenyewe huufanya mara moja wanapokuwa mwaka wa tatu wa sekondari, kisha wengi wao hurudia mwanzoni mwa mwaka wa nne wakiwa wanaandika maombi. Ofisa anayepewa faili za Afrika Mashariki katika chuo kikubwa amekwisha kusoma faili nyingi mno zenye tarehe mbili au tatu, na kuona ya tatu hakumsimamishi kalamu.

Umeuliza ataona nini hasa, na hilo ni swali zuri kuliko yote katika barua yako, kwa sababu washauri wako wote watatu wamelijibu bila kulitazama. Fungua akaunti yako ya Common App, ile fomu ya mtandaoni ya kuomba vyuo vingi vya Marekani kwa pamoja, uingie sehemu ya mitihani. Utakuta fomu inakuuliza ni alama ngapi za SAT ulizokwisha kupata ambazo unataka kuziripoti, kisha inakuomba alama yako ya juu kabisa ya Hisabati na tarehe yake, halafu alama yako ya juu kabisa ya Kusoma na Kuandika na tarehe yake. Haikuulizi umeingia chumba cha mtihani mara ngapi katika maisha yako. Kwa hiyo chuo kinachokubali alama ulizojaza mwenyewe, na siku hizi ni vingi, kitaona 740 ya Agosti na 600 ya Juni. Vyuo vingi huchukua sehemu bora ya kila tarehe na kuziunganisha. Kwenye tovuti zao utalikuta jina superscore. Kwa hesabu hiyo wewe huna 1320. Una 1340, na ile 580 inayomkosesha raha baba yako mdogo haiingii popote.

Hata pale itakapoonekana, tazama ripoti yenyewe ya matokeo. Kando ya kila alama umechapishiwa wigo, yaani alama ambazo ungeweza kuzipata siku nyingine bila kujua zaidi wala kujua pungufu. Pointi ishirini zinamezwa na wigo huo. Waliotunga mtihani wanakwambia wenyewe kuwa 600 na 580 zaweza kuwa kiwango kilekile, na ofisa udahili anajua hivyo.

Sasa kuhusu kutuma matokeo rasmi. College Board, wenye mtihani, wana huduma iitwayo Score Choice tangu mwaka 2009, inayomruhusu mtahiniwa kuchagua ni tarehe zipi zipelekwe chuoni. Kuna mambo mawili ya kuangalia hapo. La kwanza, unachagua tarehe nzima, huwezi kupeleka Hisabati ya Agosti ukaacha Kiingereza cha Agosti. Ndiyo maana kwa chuo kinachounganisha sehemu bora wewe utapeleka tarehe mbili, Juni na Agosti, na kuiacha Machi. La pili, usipochagua chochote, tarehe zote hupelekwa. Wapo vijana waliolipa, wakabonyeza haraka haraka kwa sababu bando lilikuwa linaisha, kisha wakaandika barua kwa chuo kuomba radhi kwa alama ambazo hakuna aliyekuwa amezitazama.

Vyuo havifanani katika hili. Georgetown, kwa mfano, kwa miaka mingi imewataka waombaji wapeleke alama za kila mara waliyofanya, na kwa chuo cha namna hiyo Score Choice haitumiki hata kama kitufe kipo. Kila chuo katika orodha yako kina ukurasa wa mitihani kwenye tovuti ya udahili. Usome mwenyewe, usitegemee orodha za mitandaoni zilizoandikwa miaka mitatu iliyopita.

Hapo ndipo ninapomjibu rafiki yako. Anakushauri useme uongo mahali ambapo hukuulizwa, na hilo ni jambo la ajabu kidogo. Chuo kinachokuachia uchague kimekupa ruhusa ya kunyamaza kuhusu Machi, na kunyamaza huko si udanganyifu. Kinachotaka zote kimekuuliza waziwazi, na ukipeleka moja huku ukitia sahihi kuwa ulichojaza ni kweli na kamili, umeweka mkononi mwao sababu ya kufuta nafasi yako hata baada ya kupokelewa. Kwa kijana anayesafiri kwa fedha za chuo, hiyo ni hatari kubwa mno kwa faida ya kuficha 1180, alama ambayo kwa kweli ikiwekwa kando ya 1320 ya miezi mitano baadaye inaonyesha mtu aliyekaa chini akasoma.

Kaka wa kanisani alikuwa sahihi mwaka 2021. Vipo vyuo ambavyo viliacha kulazimisha mitihani hii mapema, Bowdoin tangu 1969 na Chuo Kikuu cha Chicago tangu 2018, lakini janga la korona lilipofunga vituo vya mitihani mwaka 2020 karibu vyuo vyote vikubwa vilifuata. Kisha mambo yakageuka. MIT iliurudisha Machi 2022, ikieleza kwamba alama, hasa za hisabati, huisaidia kujua nani ataweza masomo ya pale, na kwamba zinamsaidia mwombaji ambaye shule yake haina masomo ya juu ya kujionyesha. Mwaka 2024 wakafuata Dartmouth, Yale, Brown, Harvard, Caltech na Cornell, na Stanford nayo ikatangaza kuurudisha. Columbia imeendelea kuuacha uwe hiari, na vyuo vya Chuo Kikuu cha California havitazami SAT kabisa katika udahili, hata ukiwapelekea. Kwa hiyo neno la kwamba vyuo havihitaji SAT linategemea ni chuo gani unachokisema.

Pale mtihani ulipo wa hiari, nakushauri upeleke alama, na sababu yangu inatoka Dartmouth. Kabla ya kuurudisha, chuo hicho kiliwapa watafiti wake kazi ya kuchunguza kilichotokea wakati wa hiari, nao wakakuta kuwa waombaji wa familia zenye kipato kidogo walikuwa wanaficha alama ambazo zingewasaidia. Walilinganisha alama zao na wastani wa chuo wakaona haya, wasijue kuwa msomaji wa faili huilinganisha alama na shule ilikotoka. Mtoto wa shule ya kulipia ya Boston mwenye mwalimu wa ziada wa SAT na mtoto wa fundi cherehani wa Morogoro aliyejifunzia kwenye simu hawasomwi kwa rula moja. Hisabati 740 kutoka shule ya bweni ya serikali, ikisimama pamoja na divisheni ya kwanza ya PCM, ni habari ambayo ofisa angependa kuipata. Ukiificha atabaki kukisia, na akikisia huenda asikisie juu.

Lakini nisikupambe. Robo tatu au zaidi ya wanaoingia MIT wana Hisabati ya 780 na kuendelea, na 740 pale haitakubeba. Ili ujue chuo kipi kinakufaa, tafuta waraka uitwao Common Data Set, ambao vyuo vingi huutoa kila mwaka. Kifungu cha C7 kinaeleza uzito wa kila kitu katika udahili wao, ikiwemo mitihani, insha na barua za walimu. Kifungu cha C9 kinatoa wigo wa alama za waliojiunga. Uisome C9 kwa tahadhari kwa vyuo vya hiari, kwa maana waliokuwa na alama ndogo hawakuzipeleka, hivyo wigo unaouona umevimba. Angalia pia ni asilimia ngapi ya wanafunzi walipeleka alama. Ukiona ni thuluthi tu, usiogope wigo huo sana.

Kuna jambo jingine ambalo hakuna kati ya washauri wako aliyelitaja, nalo linakuhusu wewe kuliko wao. Dartmouth imeandika kwamba mwombaji kutoka shule iliyo nje ya Marekani anaweza kutimiza sharti la mitihani kwa matokeo ya mtihani wa taifa unaolingana na A-level. Harvard nayo imeweka mlango wa namna hiyo, ila kwa mazingira ya pekee ambapo SAT na ACT, mtihani mwenzake, hazipatikani, na wewe uliyeufanya mara tatu huwezi kuupitia. Yale inakubali mitihani ya AP (masomo ya ngazi ya chuo yanayofundishwa sekondari za Marekani) au IB (mtaala wa shule za kimataifa) badala ya SAT, ambayo shule yako haina, kwa hiyo kwao utatumia SAT. Maana yake ni kwamba cheti chako cha kidato cha sita si karatasi ya kuambatisha tu, na katika chuo kimoja au viwili kinaweza kusimama kama mtihani wenyewe.

Swali la Oktoba ni la fedha kama lilivyo la alama. Kwa mtahiniwa wa nje ya Marekani ada sasa imezidi dola 100, na msamaha wa ada wanaopewa wanafunzi wa Marekani haukufikii wewe. Ongeza nauli. Ukirudia, si hisabati utakayoiendea, ni Kusoma na Kuandika, na swali ni kama kuna kilichobadilika tangu Agosti. Programu ya Bluebook, ileile uliyofanyia mtihani, ina majaribio kamili ya bure, na Khan Academy ina mazoezi rasmi ya bure pia. Fanya jaribio moja Jumamosi hii asubuhi kwa muda wake halisi, moduli mbili za dakika 32 za Kusoma na Kuandika kisha mbili za dakika 35 za Hisabati, simu ya mkononi ikiwa chumba kingine. Kumbuka kuwa moduli ya pili hupangwa kuwa ngumu au rahisi kutokana na ulivyofanya ya kwanza, kwa hiyo mwenye kuharakisha mwanzoni akakosea maswali mepesi hujifungia mlango wa alama za juu kabla hajafika nusu. Nashuku ndicho kilichokupata Agosti. Ukifanya majaribio mawili, katika wiki mbili tofauti, na yote yakakupa 650 au zaidi, jisajili bila kujali baba mdogo atasema nini, kwa maana 650 na 740 ni 1390, na kwa mwombaji anayetaka ufadhili kamili tofauti hiyo ina maana. Yakikupa 600, 610, acha. Ndugu zako wamechanga vya kutosha, na mara ya nne kwa kiwango kilekile haikuletei aibu wala faida.

Kuhusu ufadhili, fahamu kuwa ni vyuo vichache tu vinavyosoma faili la mgeni bila kujali kama ana fedha au hana. Miongoni mwao ni Harvard, Yale, Princeton, MIT, Amherst, Dartmouth na Bowdoin, na ndivyo vinavyoombwa na dunia nzima. Vingine hutoa ufadhili mkubwa lakini huangalia mfuko wao wanapokuchagua. Orodha yako lazima iwe na vya aina zote mbili, na kila kimoja usome kinatoa kiasi gani kwa mwanafunzi wa nje kabla hujaandika insha hata mstari mmoja. Vingi vitakutaka ujaze pia CSS Profile, fomu ya kipato cha familia, na ushonaji wa baba na biashara ya mboga ya mama haviji na hati za mshahara. Anza sasa kuandika na baba makadirio ya mwezi kwa mwezi, akueleze msimu wa sare za shule na miezi ya ukame, kwa sababu fomu hiyo humaliza siku nyingi kuliko mtihani.

Baba mdogo usimjibu kwa ubishi. Anakupenda, na huenda anakumbuka utaratibu wa zamani au amesikia kwa wazazi wenzake. Mtumie picha ya ukurasa ule wa Common App unaouliza alama unazotaka kuripoti, umwombe akusaidie badala yake kupitia insha zako, maana yeye anaishi huko na atajua mahali ambapo msomaji wa kule hataelewa.

Mwisho, nenda kwa mkuu wako wa shule wiki hii. Common App itamwomba yeye ajaze ripoti ya shule na kuambatisha maelezo ya shule, na wakuu wengi wa shule za serikali hawajawahi kuyaandika. Mpelekee karatasi yenye mambo ambayo ofisa hawezi kuyajua peke yake: shule ina wanafunzi wangapi wa kidato cha sita, wangapi walipata divisheni ya kwanza mwaka wenu, alama za NECTA hupangwaje na kwa nini pointi chache ndizo bora, kwamba shule haina mshauri wa vyuo vya nje wala masomo ya AP. Barua aandike yeye kwa maneno yake, na barua pepe iwe yake kweli. Najua wapo wanaofungua barua pepe kwa jina la mkuu wa shule ili kuokoa muda, wakajaza wenyewe usiku. Usifanye hivyo hata kama ametoa ruhusa kwa mdomo. Kama ofisi yake haina intaneti ya uhakika, omba kwa heshima umsindikize mahali ilipo, umwonyeshe pa kubonyeza, kisha utoke nje wakati anaandika. Ushauri wa bure kuhusu fomu hizo unapatikana pia EducationUSA, katika ubalozi wa Marekani Dar es Salaam, na unaweza kuwaandikia bila kusafiri.